Mvua ya Fidia ya Vudeka

Mvua ya Namkunda ilikuwa na adabu zake. Ilikuja Jumanne na Ijumaa, saa nane kamili mchana, ikanyesha dakika arobaini, ikaondoka. Na ilijua mipaka. Elieshi Mmbaga alisimama barabarani, nje ya uzio wa mdogo wake, viatu vyake vya ofisini vikiwa vimejaa vumbi, akaitazama ikidondoka mbele ya pua yake. Alinyoosha mkono akauvusha uzio. Vidole vikalowa, kiwiko kikabaki kikavu.

Wingu lenyewe lilikuwa limetandazwa sawasawa na shamba, kona kwa kona, wala halikumpa jirani hata tone. Ndani yake vilizunguka vinyunyizi mia tano hivi, kila kimoja kidogo kuliko kiganja, vikikamua unyevu kwenye upepo na kuurundika pamoja. Chini yake tangawizi ilikuwa ya kijani hadi inakera. Iliki ilikuwa imenenepa, maparachichi yameinamisha matawi, na katikati ya neema yote hiyo ilisimama nyumba ya ghorofa moja yenye baraza pana na tangi la maji lililofurika, maji yanamwagika chini na hakuna mtu anayeshughulika kuyakinga.

Elieshi roho ilimuuma. Tusifichane: ilimuuma mpaka akahisi kiungulia.

Shamba lile lilikuwa lake. Baba yao alipofariki, yeye kama mkubwa alipewa kipande cha juu, kile ambacho watoto wote wa Vudeka walikiita Maweni kwa sababu kilikuwa mawe matupu. Jioni ileile, mbele ya wajomba na mashangazi, Elieshi alisimama akasema, "Mpeni Namkunda. Mimi nina ajira wizarani, mawe nitayafanyia nini?" Watu walimpigia makofi, naye aliyapenda sana yale makofi. Miaka miwili baadaye Shirika la Mvua la Taifa likasimamisha Mnara kileleni, likaanza kuyavuta mawingu na kuyapeleka bondeni kwenye miji na mashamba makubwa. Sheria ikasema aliyenyang'anywa mvua alipwe mvua. Maweni pakaanza kunyesha, na palikuwa pananyesha kwa mwaka wa kumi na moja sasa.

Yeye Elieshi aliishi Dodoma, ghorofa ya kumi na tisa, ndoo mbili za mgao kwa siku. Alikuwa na mume pia, ila huyo alihamia ghorofa ya kumi na saba kwa mwanamke mwingine, na walipokutana kwenye lifti walisalimiana.

"Dada!" Namkunda alitokea kwenye baraza, kanga kichwani, miguu pekupeku. "Shikamoo! Mbona umesimama juani kama mgeni? Ingia ulowe kidogo, maji hayaumi!"

"Marahaba. Nipo kazini."

"Kazini ndiyo usikanyage kwetu? Haya, ngoja ikatike nikufungulie geti."

Na kweli alikuwa kazini. Ili Shirika litengeneze mvua ya fidia, Serikali ililipa ruzuku kila mwaka, na ruzuku hiyo ilikuwa imevimba hadi Bunge likauliza. Tume ikaundwa, wakaguzi wakagawanywa wilaya kwa wilaya. Kwenye fomu kulikuwa na swali: je, una ndugu anayepokea fidia katika eneo utakalokagua? Elieshi alijaza "Hapana". Alijiambia ni kwa sababu anaijua milima ile kuliko mwenzake yeyote. Ukweli ni kwamba alitaka kulishika faili la Maweni kwa mikono yake mwenyewe, alisome mstari kwa mstari, aone kama kuna mahali mdogo wake amekula kisichokuwa chake.

* * *

Makande yalipikwa na Mrutu, mume wa Namkunda. Hilo nalo lilimchoma Elieshi. Mwanamume alikuwa na aproni, anapuliza kijiko, anauliza kama chumvi imekolea. Na mbaya zaidi, makande yenyewe yalikuwa na ladha ileile ya mama yao, ladha ambayo Elieshi ameitafuta Dodoma kwa miaka yote bila kuipata.

"Kula, shemeji," Mrutu alisema. "Umekonda. Huko kwenu hamli?"

"Tunakula. Hatuli hivi."

"Basi hamia huku," Namkunda alicheka. "Chumba kipo. Au unaogopa matope?"

Elieshi alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Chumba kipo, kwenye ardhi yake mwenyewe! Akasukuma sahani kidogo, akatoa kishikwambi chake cha kazi.

"Hivi kabla ya Mnara, hapa palikuwa panapata mvua kiasi gani?"

Namkunda aliacha kutafuna. "Wewe si umezaliwa hapa, dada?"

"Nauliza kama mkaguzi."

"Basi mimi nataka nikujibu kama mdogo wako. Kuna jambo nimekuwa..."

"Ya kifamilia tutayaongea nikimaliza kazi," Elieshi alimkata. Hakutaka kusikia kuhusu ada za watoto, wala sherehe ya mtu, wala habari njema yoyote itakayotoka kinywani mle. Namkunda alimtazama kidogo, akainama, akaendelea kula.

* * *

Meneja wa tawi la Shirika aliitwa Sangijo, mtu mwembamba mwenye adabu nyingi na majibu machache. Kesho yake, Jumatano, alimfungulia Elieshi kabati la kumbukumbu, akamwekea chai, akabaki amesimama mlangoni.

"Hiki ndicho Kipimo cha Msingi, mama mkaguzi. Fidia yote inatoka hapa."

Kipimo kilifanyika siku moja tu, mwezi wa Septemba, wiki chache kabla Mnara haujawashwa. Mafundi walipita na sindano za udongo, ndefu kama mkono wa mtu mzima, wakazichomeka shamba kwa shamba. Sindano ilisoma maji yaliyokuwa ardhini, ikakadiria ardhi hiyo imezoea kunywa kiasi gani kwa mwaka. Mnara ulipowashwa zilichomekwa tena. Tofauti kati ya kipimo cha kwanza na cha pili ndiyo ikawa deni la Shirika kwa mwenye shamba, nalo hulipwa kwa mvua milele.

Elieshi alisoma. Mambeni, kijiji cha pili kwenye mgongo uleule wa mlima: unyevu asilimia kumi na nne. Vudeka: sabini na moja.

Alirudia kusoma. Vijiji viko umbali wa kilomita nne. Udongo mmoja, upepo mmoja. Na Septemba! Septemba ya utoto wake Vudeka palikuwa na vumbi la kufika kwenye vifundo vya miguu, mbuzi wanalamba umande kwenye mawe.

Ndipo akakumbuka, akakirudisha kikombe cha chai mezani.

Alikuwa karani mdogo wizarani wakati huo. Ratiba ya vipimo ilipita mezani kwake, akaona jina la kijiji chao, akafurahi kitoto, akapiga simu nyumbani. "Mama, Alhamisi wageni wa serikali wanakuja huko kupima mashamba. Wengine ni mabosi zangu. Msije mkaniaibisha." Basi. Hakusema zaidi ya hapo.

Na mama yake, Mungu amrehemu, alifanya kile ambacho Vudeka hufanya wageni wakija. Alikwenda kwa msimamizi wa ndiva, lile bwawa la kijiji linalokusanya maji ya kijito na kufunguliwa kwa zamu, kila nyumba na siku yake. Baragumu likapigwa, msaragambo ukaitwa, kazi ya kijiji kizima. Kila nyumba ikatoa mtu na jembe, mifereji ikasafishwa, na ndiva ikafunguliwa siku tatu mfululizo bila zamu, maji ya mwezi mzima, yakamwagwa mashambani hadi Maweni kwenyewe, ili mgeni asikanyage vumbi. Mama alimsimulia mwenyewe kwenye simu wiki ile, kwa fahari. "Mabosi zako wametembea kwenye udongo laini kama ugali, mwanangu. Hatukukuaibisha."

Hakuna aliyekusudia kudanganya. Sindano tu hazikufundishwa ukarimu wa Wapare. Ziliukuta udongo umelewa maji, zikaandika kwamba ndivyo ulivyo siku zote.

"Hili hamkuliona?" Elieshi aliuliza. "Sabini na moja, kiangazi?"

Sangijo alikohoa. "Mama mkaguzi, Shirika linapokea ruzuku kwa lita. Lita zikipungua, na sisi tunapungua. Hakuna aliyewahi kuniagiza nizipunguze."

"Kuna malalamiko yoyote yaliyowahi kuletwa kuhusu kipimo hiki?"

"Hakuna." Alilitoa jibu haraka mno, kisha akauliza kama aongeze sukari.

Elieshi hakulijali. Furaha ilikuwa imempanda, furaha mbaya, ya moto, inayotekenya mbavu. Amempata! Tangawizi, baraza, tangi linalofurika, vyote vilikuwa vimeota kwenye kosa.

* * *

Alhamisi alikwenda Mambeni, kwa miguu, ili ajihakikishie. Mwanamke mmoja aliyeitwa Nakiete alimkaribisha kwenye ua uliofagiliwa. Sufuria, beseni na karai vilikuwa vimepangwa ukutani tayari tayari, vyote vikavu.

"Wingu letu huja leo, mwanangu. Dakika kumi. Naanza kutoa vyombo, nikifika cha tatu limekwisha."

"Mlipimwa lini?"

"Siku moja na Vudeka. Sisi tulikuwa msibani, tunamzika baba mkwe wangu. Hata maji ya kunawa wageni hao hatukuwapa, aibu ilitupata." Alinyoosha kidole kuelekea mgongo wa mlima, ambako kwa mbali ulionekana ukijani wa Vudeka. "Upepo unapita kwao kwanza. Ukifika kwetu umeshakamuliwa. Nina ng'ombe mmoja amebaki. Wale wengine sikuwauza, walilala wakashindwa kuamka."

Mvua ya ziada ya Vudeka ilikuwa inatoka kwenye midomo ya watu hawa, na lilikuwa jambo la haki kabisa kuisema. Kwa nini basi, alipokuwa akirudi, hakuuona uso wa Nakiete, bali uso wa Namkunda akipewa taarifa?

Alianza kuandika usiku haujaingia, kwenye chumba cha wageni cha mdogo wake. Wakazi wa Vudeka walimwagilia mashamba kwa siku tatu kabla ya upimaji. Akasimama hapo. Sheria ya fidia ilikuwa wazi. Kosa likifanyika bila kukusudia, kipimo hurekebishwa, mvua hupunguzwa, maisha yanaendelea. Lakini waliojua wanachokifanya wakakificha, hao ni wadanganyifu: mvua hukatwa yote na ardhi inachukuliwa na Shirika kufidia ruzuku iliyoliwa. Na kilichotenganisha hayo mawili kilikuwa simu moja. Ni nani aliyewaambia wageni wanakuja? Aliwaambia nini? Akisema ni yeye, na kwamba aliomba tu wasimwaibishe, Vudeka itapona na yeye kazi itamwondoka, fomu ile ya "Hapana" ikiwa juu yake. Akinyamaza, kila atakayesoma ataona kijiji kilichovujishiwa siri na kulowesha udongo kwa hila. Maweni patachukuliwa.

Asiandike uongo wowote. Anyamaze tu.

Alilala akiwa ameshika wazo hilo, na aibu ni kwamba alilala vizuri.

* * *

Ripoti ilitakiwa Dodoma Ijumaa kabla ya saa kumi jioni. Saa tano asubuhi Elieshi alimkuta Namkunda shambani, amechuchumaa anang'oa tangawizi, akasimama juu ya kichwa chake.

"Mvua hii si yenu," alisema. Alikuwa ameyafanyia mazoezi maneno hayo kwa miaka, alipoyatoa yakatoka membamba. "Mama alifungua ndiva kabla ya vipimo. Nimeona kila kitu. Naandika leo."

Alingoja machozi. Alingoja "dada, tafadhali". Namkunda alipangusa mikono kwenye kanga.

"Hilo ndilo nililotaka kukwambia Jumanne, ukanikata kauli," alisema. "Njoo ndani."

Alitoa bahasha kwenye droo ya kabati la vyombo. Ndani yake mlikuwa na barua tatu, za miaka mitatu tofauti, kila moja na muhuri wa tawi: IMEPOKELEWA. Elieshi alisoma ya kwanza akiwa amesimama.

Kwa Shirika la Mvua. Mvua mnayotuletea si yetu yote. Kabla ya vipimo mtu wa nyumbani alitwambia wageni wanakuja, tukamwagilia kwa ajili ya kuwakaribisha. Hatukujua mnapima nini. Naomba mpunguze, na inayozidi wapeni Mambeni. Mimi, Namkunda Mmbaga, Vudeka.

Nyingine mbili zilisema hayohayo, kwa ukali uliozidi.

"Walijibu?"

"Wajibu nini? Sangijo alinifuata hapa akaniambia nipokee riziki yangu ninyamaze. Halafu majirani wakajua. Dada, nimekaa miezi sita hakuna mtu wa kunisalimia kisimani. Msaragambo ukiitwa, baragumu likipita kwangu linanyamaza. Mrutu alitaka tuhame." Aliketi. "Tangi lile silizibi makusudi. Nimechimba mfereji chini yake, unaelekea Mambeni. Haufiki hata nusu ya njia, ardhi inayameza yote, lakini ningefanyaje?"

Elieshi aliketi pia.

"Hapa umeandika 'mtu wa nyumbani'. Mbona hukunitaja?"

"Nikutaje ufukuzwe kazi?" Namkunda alimshangaa kweli. "Uliwapigia kwa mapenzi tu. Nikaona heri libaki kwangu."

Na hapo, wewe unayesoma, ungedhani Elieshi alilainika. Wapi! Kijiba cha roho kilimpanda upya, kikubwa kuliko cha tangawizi na cha baraza na cha mume mwenye aproni. Kumbe hata ukweli mdogo wake alikuwa ameusema kabla yake, mara tatu, bila tume, bila posho, akatengwa kwa ajili hiyo, na bado akapata nafasi ya kumsitiri dada. Silaha aliyokuja nayo kutoka Dodoma ilikuwa ya kukopa, na mwenye nayo alikuwa amekaa mbele yake anamenya tangawizi.

"Nipe barua hizo," alisema.

"Chukua. Zinatosha, si ndiyo? Zinaonyesha hatukuficha. Wewe ziambatanishe tu, jina lako liache. Hakuna atakayeuliza mtu wa nyumbani ni nani. Mama mwenyewe ameshakufa, watadhani ni yeyote."

Alisema kweli. Kwa barua zile Vudeka ilikuwa imepona na Elieshi alikuwa amepona. Angerudi ghorofa ya kumi na tisa na kazi yake mkononi, na kila asubuhi angepiga mswaki akijua kwamba anakula mshahara kwa hisani ya Namkunda. Angekuja Krismasi kula makande, na mdogo wake asingemkumbusha hata siku moja, kwa sababu ndivyo alivyo. Elieshi alijaribu kulimeza hilo. Halikumezeka.

Alifungua kishikwambi palepale mezani. Alipendekeza kipimo cha Vudeka kifutwe na kirudiwe kwa mwaka mzima, mvua ya ziada ipelekwe Mambeni mara moja, na ruzuku isilipwe tena kwa lita, maana kwa namna hiyo Shirika linapata faida kwa kila kosa linalolinyamazia. Akaambatanisha barua tatu. Akaandika kwamba meneja wa tawi alizipokea na akakana kuwepo kwazo. Mpaka hapo mikono yake ilikwenda vizuri.

Kisha akaandika: Aliyepiga simu Vudeka kabla ya vipimo ni mimi, Elieshi Mmbaga. Niliwaambia wasiniaibishe. Mpokeaji wa fidia Namkunda Mmbaga ni mdogo wangu wa tumbo moja, na kwenye fomu ya Tume nilijaza uongo.

Haki ilikuwepo ndani ya sentensi hizo, sikatai. Lakini si haki peke yake iliyoziandika. Hakuweza kuishi akiwa amefunikwa kwa kanga ya mdogo wake, huo ndio ukweli, na laiti Namkunda angekuwa mchoyo kidogo tu, huenda jina lile lisingeandikwa.

Namkunda aliinuka akasoma kutoka nyuma ya bega lake. "Dada, hapana. Futa hapo. Futa, watakufukuza!"

Elieshi alituma. Kioo kikaonyesha ripoti imefika. Nje vinyunyizi vilianza kujipanga juu ya shamba, kwa maana saa nane ilikuwa imewadia, na mvua ikaanza kugonga bati, dakika arobaini za mwisho au karibu na mwisho.

"Umefanya nini?" Namkunda alikuwa amemshika mkono, machozi yanamtoka. "Kwa nini, dada yangu? Nilishakwambia zinatosha!"

"Nimekushinda," Elieshi alisema, na sauti ikamkatika katikati, akakiinamisha kichwa juu ya meza akalia kwa kwikwi, huku mdogo wake akimkumbatia kwa nguvu, bila kujua ni shindano gani hilo alilokuwa ameshindwa.